Gari la kebo la Mlima Cannon: ni lipi lililostaafu, na kwa nini?

Oktoba 2025, jimbo la New Hampshire lililoko kaskazini-mashariki mwa Marekani lilistaafisha gari la kebo la Mlima Cannon. Habari ilikuwa fupi, lakini iliacha maswali marefu. Historia ya gari hilo huanza kusimuliwa kutoka 1938, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba vibanda vilevile vilikuwa vikipanda na kushuka kwa miaka 87. Tena wiki chache kabla yake, Septemba 2025, dunia ilikuwa imeona picha za ajali mbaya ya chombo cha kebo mjini Lisbon, Ureno, hivyo aliyesikia maneno “kebo” na “kufungwa” katika sentensi moja alikuwa na haki ya kuhofia kwamba kuna kitu kimekatika huko New Hampshire. Halafu kuna swali gumu kuliko yote: kama gari lilikuwa likibeba watu hadi siku zake za mwisho, kwa nini lisimamishwe?

Maswali haya yanajibika. Nitayajibu bila haraka, kwa sababu ukielewa kisa cha mlima huu mmoja utaelewa pia habari za magari ya kebo ya milima mingine, ambayo mengi yalijengwa katika vipindi hivyohivyo na sasa yanafika ukingoni kwa zamu.

Vyombo vinne vinavyochanganywa

Kwanza tutenganishe vyombo. Kuna reli ya kebo: behewa linatembea juu ya reli zilizolala ardhini, na kebo inalivuta mteremkoni. Kile cha Lisbon, kiitwacho Glória, kilikuwa cha aina hii. Kilianguka tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakapoteza maisha. Hakikuning'inia hewani hata kidogo, kwa hiyo sababu za ajali yake haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye gari linaloelea juu ya bonde.

Kuna reli ya meno, ambayo haina kebo kabisa. Treni ina gurudumu lenye meno linalouma reli ya tatu iliyo katikati ya njia, na hivyo inapanda bila kuteleza. Milima ileile iliko Cannon, yaani White Mountains, ina reli maarufu ya namna hiyo kwenye Mlima Washington, na imekuwa ikipanda tangu 1869. Wageni wengi hutembelea yote mawili kwa safari moja, kisha wakirudi nyumbani wanasimulia habari zake kama kitu kimoja.

Cha tatu ni viti vya kuning'inia vya wanaoteleza kwenye theluji. Kebo moja isiyo na mwisho inazunguka mfululizo, imefungwa viti vingi, na watu wanakaa wawili, watatu au wanne kwa kila kiti. Viti hivyo vilibuniwa Marekani, Sun Valley katika jimbo la Idaho, mwaka 1936, na mhandisi James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, aliyechukua wazo kutoka kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Tukikumbuke chombo hiki, maana kitarudi mbele kama mshindani.

Cha nne ndicho chetu: gari la kebo lenyewe. Vibanda viwili vikubwa vinaning'inia kwenye kebo nene, kimoja kikipanda huku kingine kikishuka, na vinapishana katikati ya njia.

Namna linavyofanya kazi

Fikiria kisima chenye ndoo mbili zilizofungwa kwenye ncha mbili za kamba moja, kamba ikapitishwa juu ya puli. Ndoo moja ikipanda, nyingine lazima ishuke. Mvutaji hapambani na uzito wa ndoo, kwa sababu ndoo ya pili inausawazisha. Anachoinua kwa kweli ni maji tu. Gari la kebo la aina ya Cannon linafuata kanuni hiyohiyo. Kibanda kinachoshuka kinasaidia kukiinua kinachopanda, na mota iliyo kituoni inalipia tofauti ya uzito wa abiria pamoja na msuguano. Jioni, watu wote wanaposhuka na kibanda kinachopanda ni kitupu, mambo hugeuka: uzito wa wanaoshuka ndio unaovuta, na mota inafanya kazi ya kuzuia.

Ila hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo ufunguo wa mjadala wote wa usalama. Kebo si moja. Kuna kebo ya njia na kuna kebo ya kuvuta. Kebo ya njia haitembei. Imetandazwa kutoka kituo cha chini hadi cha juu, ikapita juu ya minara, na kibanda kinatembea juu yake kwa magurudumu. Ni nene, na imesukwa kwa nyaya ambazo zile za nje zina umbo la kushikana ili uso wa kebo uwe laini na maji yasipenye ndani kwa urahisi. Katika mashine za enzi hizo, kwa kawaida upande mmoja wa kebo hii hufungwa imara, na upande wa pili huvutwa na uzito mkubwa ili isilegee wakati wa joto wala isikaze kupita kiasi wakati wa baridi. Kebo ya kuvuta ni nyembamba zaidi na inanyumbulika, kwa sababu kazi yake ni kupita kwenye mapuli makubwa na kuvihamisha vibanda.

Kwa hiyo mtu anaposema “kebo ikikatika kibanda kinaanguka”, amerukia mbali. Kebo ya kuvuta ikikatika, kibanda bado kimekaa juu ya kebo ya njia. Hatari iliyopo ni kuteleza kurudi nyuma kwa kasi. Ili kuzuia hilo, vibanda vya aina hii kwa kawaida hupewa breki inayoibana kebo ya njia yenyewe pindi mvuto unapopotea. Msiba wa Mottarone, kaskazini mwa Italia, tarehe 23 Mei 2021, uliwaua watu 14 na kumwacha hai mtoto mmoja. Kebo ya kuvuta ilikatika, ndiyo, lakini breki ambayo ingekishika kibanda ilikuwa imezuiwa makusudi isifanye kazi, ili isiendelee kusumbua huduma kwa kujifunga yenyewe. Njia hiyo ilikuwa imefanyiwa ukarabati mkubwa miaka michache tu kabla. Umri haukuwa mkosaji. Walioondoa kinga ndio waliofungua mlango wa maafa, na nadhani jambo hili linapaswa kurudiwa kila mara mtu anapoitazama mashine ya zamani na kuiita jeneza.

Kutoka migodini hadi kileleni

Kebo ya chuma haikuzaliwa kwa ajili ya watalii. Mwaka 1834, Wilhelm Albert, ofisa wa migodi katika milima ya Harz, Ujerumani, alisuka kamba ya nyaya za chuma kwa sababu minyororo na kamba za katani zilikuwa zikikatika mashimoni. Baadaye katika karne hiyo, Adolf Bleichert wa Leipzig aliigeuza kamba hiyo kuwa mfumo kamili wa kusafirisha mawe, makaa na magogo juu ya mabonde, na mitambo yake ikauzwa dunia nzima. Kwa muda mrefu mzigo ndio uliopita hewani, mtu akapita chini.

Mwaka 1908 ndipo mpaka huo ulipovukwa kwenye milima ya Alps. Huko Bolzano, mji ulioko kaskazini mwa Italia ya leo, mwenye hoteli Josef Staffler alifungua gari la kebo la kuwapandisha wageni hadi Kohlern. Mwaka huohuo, Grindelwald nchini Uswisi ilifungua lifti ya Wetterhorn. Hii ya pili inastahili kutajwa kwa sababu ni mmoja wa wastaafu wa mwanzo kabisa. Ilipangwa ipande kwa hatua nne hadi karibu na kilele, ikajengwa hatua moja tu, vita vya 1914 vikawafukuza watalii, na haikufunguliwa tena. Mitambo yake iliondolewa miaka ya 1930. Haikuanguka na haikumuua mtu. Uchumi uliokuwa umeishikilia ndio uliokatika, na hiyo imekuwa sababu ya kufungwa kwa magari mengi ya kebo kuliko watu wanavyodhani.

Vita hivyohivyo vilivyoiua Wetterhorn viliipeleka mbele teknolojia. Majeshi yaliyopigana kwenye milima ya Alps yalitegemea njia za kebo kupandisha chakula na risasi, na vita vilipokwisha walikuwepo wahandisi na mafundi waliojua kazi hiyo vizuri. Miaka ya 1920 magari ya kebo yakachipuka kila upande. Kampuni ya Bleichert ilijenga lile la Predigtstuhl huko Bavaria mwaka 1928, kisha lile la Table Mountain mjini Cape Town mwaka 1929. Marekani, nchi ya majengo marefu na madaraja ya kebo, wakati huo haikuwa na hata moja la kupandisha abiria mlimani.

Kwa nini New Hampshire, na kwa nini serikali

Hapa hadithi inahitaji kurudi nyuma kidogo, kwa sababu bila kuelewa nani anamiliki mlima, huwezi kuelewa kwa nini kustaafu kwa gari hili kulijadiliwa na wabunge badala ya wenye hisa.

Mlima Cannon una urefu wa mita 1,240 hivi, na umesimama kwenye bonde jembamba liitwalo Franconia Notch. Kwa miongo mingi bonde hilo lilikuwa mali ya hoteli kubwa, Profile House. Hoteli iliungua mwaka 1923, wenyewe wakaamua kutoijenga tena, na msitu ukawa hatarini kuuzwa kwa wakata magogo. Ikaanza kampeni ya kuununua. Bunge la jimbo lilitoa fedha, tajiri wa Boston James Storrow aliacha fungu kubwa katika wosia wake, chama cha kulinda misitu ya New Hampshire kikachangisha, na vyama vya wanawake vikawauzia wananchi miti kwa dola moja mmoja. Aliyelipa dola yake alikuwa ameokoa mti. Mwaka 1928 bonde likawa mali ya umma, na likawekwa wakfu kwa kumbukumbu ya wanajeshi wa jimbo hilo. Mimi naona kitendo hicho ndicho msingi halisi wa gari la kebo, ingawa hakuna aliyekuwa akiliwazia wakati huo.

Miaka michache baadaye akatokea Alexander Bright, mtelezaji wa theluji kutoka Boston ambaye baadaye alikuwa katika timu ya Marekani ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936. Alikuwa ameyaona magari ya kebo ya Ulaya, na akaanza kushawishi lijengwe moja New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kuteleza kwenye theluji kulikuwa kumeanza kushika kasi. Karibu na hapo, hoteli ya Peckett's iliyoko Sugar Hill ilikuwa imefungua shule ya kuteleza mwaka 1929 ikiwa na walimu kutoka Ulaya, na kwenye Cannon kwenyewe vijana wa kikosi cha kazi cha serikali walikuwa wamesaidia kukata njia ya mashindano. Kilichokosekana kilikuwa namna ya kufika juu bila kupanda kwa miguu saa nzima na zaidi. Jimbo lilikuwa na mlima, lilikuwa na wananchi waliokosa kazi katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na liliamua kujenga kwa jina lake lenyewe.

Juni 1938 gari likafunguliwa, la kwanza la abiria la aina hiyo katika Amerika Kaskazini yote. Kila kibanda kilichukua watu 27, na ndani ya dakika chache walipandishwa zaidi ya mita 600. Siku ya anga safi, aliye kileleni huona majimbo manne na sehemu ya Kanada. Kabla ya hapo mandhari hiyo ilikuwa ya wenye miguu imara tu. Sasa bibi wa miaka themanini aliweza kusimama pale akiwa na viatu vyake vya kwenda kanisani.

Mashine ya kwanza, kisha ya pili

Sasa tunafika kwenye fundo lenyewe. Gari la 1938 si lile lililostaafishwa 2025. Lile la kwanza lilifanya kazi miaka 42, likabeba zaidi ya watu milioni sita na nusu, na likastaafu mwaka 1980. Mwaka huohuo likaanza la pili, lililotengenezwa na kampuni ya Nuova Agudio ya Italia. Mlima ni uleule na jina la huduma ni lilelile, lakini vituo, minara, kebo na vibanda ni vingine. Hili la pili ndilo ambalo watu wa siku hizi wanalijua: kibanda kimoja chekundu, kingine cha manjano, na wenyeji wakavipa majina ya Ketchup na Mustard. Na hili ndilo lililosimama baada ya miaka 45.

Kwa nini la kwanza liliondolewa? Uchakavu ulikuwepo, lakini hesabu ya idadi ya watu nayo ilikuwa na uzito wake. Gari la vibanda viwili lina kizuizi cha kimaumbile: haliwezi kuongeza vibanda. Tuseme safari moja pamoja na kupakia na kushusha inachukua dakika kumi. Hiyo ni safari sita kwa saa kila upande. Kwa kibanda cha watu 27 unapandisha watu 162 kwa saa, basi. Huwezi kuharakisha sana, na njia ikiwa ndefu zaidi, idadi inapungua zaidi. Viti vya kuning'inia havina tatizo hilo, kwa sababu njia ikirefuka unaongeza viti tu. Vya kisasa vyenye kasi vinaweza kupandisha zaidi ya watu 2,000 kwa saa. Cannon ulikuwa mlima mkubwa wa mashindano. Machi 1967 ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya Kombe la Dunia la kuteleza katika msimu wa kwanza kabisa wa kombe hilo, na Mfaransa Jean-Claude Killy akatawala. Mlima wa hadhi hiyo ukipandisha watu 162 kwa saa unakuwa na foleni kuliko theluji.

Kibanda cha 1980 kilitengenezwa kwa watu 80. Kwa hesabu ileile, unapata 480 kwa saa. Ni nafuu kubwa kwa watalii wa kiangazi na wa majani mekundu ya vuli, ila kwa watelezaji bado ni kidogo mbele ya viti. Ndiyo maana kadiri miaka ilivyosonga, kazi kubwa ya kupandisha watelezaji ilibebwa na viti vilivyoko upande mwingine wa mlima, na gari la kebo likazidi kuwa la watazamaji wa mandhari. Hilo si dharau. Viti havimfai mtu asiyeweza kuruka juu yake kikiwa mwendoni, wala havimkingi mtoto mchanga dhidi ya upepo wa kileleni.

Kwa nini usibadilishe tu kilichochakaa?

Hili ndilo swali linaloulizwa na watu wenye akili timamu, na linastahili jibu la haki.

Ukweli ni kwamba gari la kebo hubadilishwa vipande vyake muda wote. Magurudumu yana mpira au plastiki inayolika, hubadilishwa. Kebo ya kuvuta hupimwa kwa chombo cha sumaku kinachogundua nyaya zilizokatika ndani ambazo jicho halizioni, na ikifika kiwango fulani hutolewa. Kebo ya njia ina ugonjwa wake: sehemu iliyokaa juu ya mnara hukunjwa kidogo kila kibanda kinapopita, na chuma kinachokunjwa mara laki kadhaa hupata uchovu hata kama nguvu yenyewe ni ndogo. Dawa yake ni kuisogeza kebo nzima mita kadhaa baada ya miaka kadhaa, ili sehemu iliyochoka itoke juu ya mnara na sehemu nzima ichukue zamu. Kwa hilo, kituoni huachwa akiba ya kebo. Siku akiba inapokwisha, kebo mpya inahitajika.

Mpaka hapo yote yanatengenezeka. Tatizo huanza unapofika kwenye vitu ambavyo havikuundwa kubadilishwa kimoja kimoja: fremu ya kibanda, mkono unaokining'iniza, mhimili wa puli kuu, gia kubwa, mifumo ya breki na swichi za udhibiti za enzi za 1980. Kipuri cha namna hiyo hakipo dukani. Ama kiwanda kilichokitengeneza kimeungana na kingine na michoro imelala kabatini, ama fundi achonge upya kipande kimoja kwa bei ya kipande kimoja. Na kila kipande kipya kinachoingizwa lazima kithibitishwe na wakaguzi kwamba kinaafikiana na vya zamani, kwa kufuata viwango vya Marekani vya vyombo vya kebo, ambavyo vimekazwa sana tangu 1980. Ukibadilisha mfumo wa udhibiti, breki lazima ziongee nao. Ukibadilisha breki, mkono wa kibanda lazima uhimili mshtuko wake. Fundi aliyeanza na swichi anajikuta anajenga gari jipya ndani ya mifupa ya zamani, kwa gharama inayokaribia ya kujenga jipya lote.

Basi kustaafu hakumaanishi kwamba jana lilikuwa salama na leo ni hatari. Kunamaanisha kwamba gharama ya kulifanya liendelee kuwa salama imezidi thamani ya miaka linayoweza kuongezewa. Wahudumu wa Cannon walikuwa na onyo la wazi Februari 2016, gari lilipokwama kwenye baridi kali na makumi ya abiria yakahitaji kuokolewa, baadhi wakiteremshwa kwa kamba hadi chini. Hakuna aliyekufa. Mfumo wa breki ulikuwa umefanya kile unachopaswa kufanya unapokuwa na shaka, yaani kushika na kutoachia. Lakini huduma ya umma haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea kamba za waokoaji, na jimbo lilipotangaza kulistaafisha lilieleza kwamba mashine imefika mwisho wa maisha yake ya kazi.

Lakini la Predigtstuhl je, lililofunguliwa 1928 na bado lina sura yake ya awali? Huu ni mfano unaopendwa na wanaopinga kustaafisha, nami nauheshimu. Predigtstuhl limehifadhiwa kama mnara wa kihistoria: vibanda vidogo, abiria wachache, fedha na mafundi wa kulitunza kipande kwa kipande, na uzee wenyewe ndio kivutio. Table Mountain lilichukua njia nyingine. Mwaka 1997 lilijengwa upya likawekwa vibanda vikubwa vyenye sakafu inayozunguka, na mgeni wa leo anapanda kitu tofauti kabisa na cha 1929 ingawa huduma haikubadilisha jina. Njia zote mbili ni halali. Cannon la 1980 halikuwa na umri wa kuwa mnara wa kihistoria, wala ujana wa kuendelea bila kujengwa upya.

Kuhusu uso wa jiwe

Kuna jambo moja linalounganishwa na gari hili bila sababu. Kwenye jabali la Mlima Cannon kulikuwa na miamba mitano ya granaiti iliyojipanga kama uso wa mzee unaotazama bonde. Ulikuwa alama ya jimbo, na umechorwa kwenye sarafu yake ya senti 25 ya mwaka 2000. Tarehe 3 Mei 2003 uso huo uliporomoka usiku. Kwa kuwa mlima ni mmoja, mtu anaweza kufikiri mitetemo ya minara na vibanda ilihusika. Sivyo. Maji yaliingia kwenye nyufa, yakaganda, yakatanuka, yakayeyuka, yakaganda tena, kwa maelfu ya miaka. Uso ulikuwa umeshaanza kufungwa kwa vyuma ili usianguke mwaka 1916, miaka 22 kabla ya gari la kwanza kupita angani.

Nini kimebaki

Kibanda kimoja cha 1938 kipo mpaka leo, kimewekwa nje ya jumba la makumbusho la kuteleza kwenye theluji la New England, jirani na kituo cha chini. Ukikitazama unashangaa jinsi kilivyo kidogo, na namna watu 27 walivyobanana humo pamoja na mbao zao za kutelezea.

Kuhusu gari la tatu, viongozi wa jimbo wamekuwa wakizungumzia mbadala, na mjadala ni wa fedha kuliko uhandisi. Duniani soko hili limebaki mikononi mwa makundi machache makubwa, yakiongozwa na Doppelmayr na Leitner ya Ulaya. Kila gari la vibanda viwili huchorwa kwa ajili ya mlima wake, halinunuliwi likiwa tayari. Lazima uamue kwanza kama unataka vibanda viwili vikubwa au mfumo wa vibanda vidogo vingi vinavyozunguka, ambao unabeba watu wengi zaidi ila huhitaji minara mingi zaidi na mara nyingi hausimami vizuri mbele ya upepo. Cannon una upepo. Kisha kuna msimu mfupi wa kuchimba misingi kabla ya theluji kurudi. Mtu anayetaka jibu la mwaka mmoja haijui kazi hii.

Wakati huo, wanaoteleza bado wana viti vyao upande wa pili wa mlima. Wakati wa kiangazi, anayetaka kufika kileleni atashika Kinsman Ridge Trail, njia inayoanzia karibu na maegesho ya kituo cha chini na kupanda kwa ukali zaidi ya mita 600 kwa miguu. Mwenye magoti mabovu au kiti cha magurudumu, ambaye huenda nyanya yake alitoa dola moja ili mti mmoja wa bonde hilo usikatwe, kwa sasa hana njia.